Jibini Si Chizi

Nimechoka kusoma mapishi ya Kiswahili yasiyopikika.

Sisemi mapishi mabaya. Mapishi mabaya hayanisumbui, kwa sababu yanapikika: chakula kinatoka na kasoro zake, mnakula huku mnaguna, kesho unapunguza chumvi, maisha yanaendelea. Nasema yale ambayo huwezi hata kuyaanza. Mtu kaandika "Tambi za Krimu" kwa herufi kubwa, kaweka picha inayometameta, halafu orodha ya mahitaji inasema: kopo moja la krimu chizi, nusu kikombe cha hevi krimu, Parmesan ya kukwangua. Maziwa hayamo. Ndimu haimo. Na mwandishi mwenyewe, ukimfuatilia, anakaa Sakina au Njiro, hapa hapa Arusha, ambako kila asubuhi pikipiki zinashuka kutoka Meru na madumu ya maziwa yaliyokamuliwa alfajiri. Ameyapita maziwa getini kwake, akaenda kutafuta kopo dukani, akarudi kutuandikia habari za kopo.

Leo nataka kugombana na huyo mwandishi. Nataka pia kugombana na hasimu wake, yule anayesema tambi na jibini ni mambo ya kizungu, sisi watu wa huku tule ndizi na loshoro, basi. Hawa wawili hawapatani, lakini wanasema kitu kimoja: kwamba chakula hiki si chetu. Mmoja anakisema kwa majivuno, mwingine kwa hasira. Mimi nasema tambi za jibini laini ni chakula cha Meru. Zinapikika kwa vitu vya Meru, na zinaandikika kwa Kiswahili kisichoomba msaada kwa jirani. Sufuria nitaiweka mezani muione.

Najua kuna watakaouliza: sisi hapa tunasoma uhakiki wa riwaya na ushairi, mapishi yametoka wapi? Yametoka kwenye lugha, ndugu zangu. Mapishi ni utanzu, tena utanzu mgumu. Mshairi akikosea mizani, wahakiki wanaweza kubishana miaka kumi kama ni kosa au ni ubunifu. Mwandishi wa mapishi akikosea, saa saba mchana watoto wako mezani na sufuria imeungua. Kila kitenzi kinapimwa na moto. "Chemsha" na "pasha" ni vitu viwili, na katikati yake kuna maziwa yaliyofura na kuzima jiko. Mwandishi asiyejua tofauti hiyo hawezi kujificha nyuma ya tamathali.

Na lugha isiyoweza kumwelekeza mtu apike chakula cha mchana ina tatizo ambalo ushairi hautalitibu.

Mfano mkubwa ninaoujua unatoka huko huko kwenye tambi. Mwaka 1891, mjini Florence, mfanyabiashara mmoja mstaafu wa miaka sabini na moja, Pellegrino Artusi, alichapisha kitabu cha mapishi kwa pesa zake mwenyewe baada ya wachapishaji kukikataa. Italia kama nchi ilikuwa na umri wa miaka thelathini tu, tangu 1861, na wananchi wake wengi hawakuongea Kiitaliano. Waliongea lugha za kwao, mtu wa Sicily na mtu wa Venice wasielewane sokoni. Mezani kwa wakubwa vyakula vilikuwa na majina ya Kifaransa, kwa sababu Kifaransa ndicho kilichoonekana kina adabu ya kula. Artusi akayasuta maneno hayo. Aliandika kwa Kiitaliano cha Tuscany, kwa utani na ubishi, akieleza jinsi ya kukanda, kuchuja na kukaanga. Wasomaji walimwandikia barua wakimpelekea mapishi ya kwao, akayajaribu, akayaongeza. Toleo la kwanza lilikuwa na mapishi 475. Hadi anafariki mwaka 1911 yalikuwa yamefika 790. Leo wanaosoma historia ya lugha hiyo hukitaja kitabu chake pamoja na riwaya ya Manzoni miongoni mwa vitabu vilivyowapa Waitaliano lugha moja. Kitabu cha supu na tambi!

Sasa jiangalie wewe Mswahili. Usanifishaji wa lugha yetu umeanza na Kamati ya mwaka 1930. BAKITA ipo tangu 1967. Tuna istilahi za fizikia, za sheria, za isimu. Lakini ukifungua mapishi ya Kiswahili ya vijana wetu, jikoni kumejaa kreti za maneno yaliyoagizwa ambayo hayajafunguliwa.

Hili limenifika mimi mwenyewe. Nilipeleka makala kwenye jarida moja, sitalitaja. Mle ndani nilikuwa nimeandika "jibini laini la ndimu". Ilipochapishwa, jibini langu limekuwa krimu chizi, na ndimu imeyeyuka kabisa. Nikampigia mhariri. Akanijibu kwa upole tu, hakuwa na ubaya: "Dada, jibini nani analijua?" Nikamwuliza, na hiyo krimu chizi yako nani anayo? Kimya. Kisha akasema, "Lakini inasikika vizuri."

Inasikika vizuri. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Tumekubali kwamba kazi ya neno la jikoni ni kusikika vizuri, na kama kitu chenyewe hakipo, shauri yake msomaji.

Tena halisikiki hata vizuri. Hebu litamke kwa sauti mbele ya vijana wa kijiweni: "Leo nimekula tambi na chizi." Wataangua kicheko, wakuulize ni chizi yupi, yule wa stendi au yule wa Kilombero? Chizi mtaani ni mwendawazimu. Kila Mtanzania analijua hilo. Wakati huohuo tuna neno jibini, lililoingia zamani kutoka Kiarabu, likakaa kwenye kamusi zetu bila kumsumbua mtu. Halichekeshi, halina utata, na sarufi yake inajulikana: jibini hili, majibini haya. Tumeliacha kwa sababu moja tu, kwamba halitokei kwenye kopo.

Tazama na neno tambi. Utambi ni ule uzi wa taa ya mafuta; zikiwa nyingi ni tambi. Mtu wa pwani alipokiona kile chakula chembamba kirefu, hakumwuliza mtu kinaitwaje. Alitazama taa yake akakipa jina. Mtaliano alipoviona vile vyembamba kabisa akaviita vijiminyoo, ndiyo maana ya vermicelli, na vile vinene kidogo akaviita vijikamba, ndiyo spaghetti. Sisi tuliona mwanga. Kisha mtu huyo wa pwani akazipika alivyotaka: akazikaanga kidogo, akatia tui la nazi, sukari na iliki, akazifanya futari ya Ramadhani. Hakuomba ruhusa Naples. Wasomali nao, waliozipokea kwa Waitaliano waliowatawala, wanazila na mchuzi wa nyama na ndizi mbivu pembeni, na hakuna Msomali anayeona haya kwa ajili ya ile ndizi. Sasa inakuwaje sisi wa bara, karne ya ishirini na moja, ndio tunashikwa na kigugumizi mbele ya sufuria?

Turudi Meru. Kwa asiyeijua loshoro, nieleze kwa ufupi. Ni chakula cha Waarusha na Wameru. Unachukua mahindi yaliyokobolewa, unayachemsha mpaka yalainike kabisa. Wengine wanatia na ndizi. Unaponda, unaacha yapoe, kisha unachanganya na maziwa mgando. Kinakuwa kizito, cheupe, chenye uchachu unaoamsha mdomo. Kinashibisha mtu wa kulima mpaka jioni.

Sasa nipe jina la msingi wa chakula hicho. Ni wanga laini uliovikwa maziwa yaliyoganda. Na tambi za jibini laini ni nini? Ni wanga laini uliovikwa maziwa yaliyoganda. Kimoja huliwa kikiwa kimepoa, kingine cha moto. Kimoja maziwa yameganda kwa kukaa, kingine yameganda kwa ndimu. Hawa ni mtu na binamu yake. Bibi wa Nkoaranga ambaye hajawahi kuona tambi anaielewa ladha hii kuliko mpishi wa hoteli anayefungua kopo, kwa sababu ulimi wake umelelewa na uchachu wa mgando.

Wala usinidanganye kwamba hiki ni chakula cha matajiri kilikotoka. Ricotta ya Waitaliano, jibini laini wanalochanganya na tambi, jina lake maana yake ni "iliyopikwa tena". Mchungaji alikuwa akishatengeneza jibini gumu la kuuza, anabaki na maji ya maziwa. Anayarudisha jikoni, anayapasha tena, yanaganda chenga laini, ndizo anazokula yeye. Gumu linaenda sokoni, laini linabaki kwa mwenye shida. Kiini cha chakula hiki ni ubahili wa mfugaji. Kinachotokea mjini Arusha sasa ni kinyume kabisa: mfugaji wa Meru anakamua, maziwa yanakwenda, jibini linaishia kwenye meza ya hoteli ya watalii au kwenye boksi la chakula cha safari ya Serengeti, na mwenye ng'ombe anaambiwa ajifunze kula krimu chizi.

Kuna historia nyingine iko miguuni petu na hatuisomi. Mwaka 1942 walianza kufika Tengeru wakimbizi wa Polandi, watu ambao utawala wa Stalin ulikuwa umewahamishia Siberia na kwingineko, wakatoka kupitia Uajemi mpaka wakaletwa chini ya Mlima Meru. Walikuwa kama elfu tano, wengi wanawake na watoto, na waliishi pale mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yao yapo mpaka leo, jirani na chuo cha mifugo. Nchi walikotoka, chakula cha mtoto anaporudi shule ni makaroni yaliyochanganywa na twaróg, jibini jeupe laini la kienyeji, na sukari kidogo juu. Na twaróg inatengenezwaje? Unachukua maziwa yaliyoganda yenyewe, unayapasha polepole, unachuja. Yaani maziwa mgando. Yale yale yanayouzwa kwa kikombe soko la Tengeru Jumamosi. Fikiria: watu elfu tano wa tambi na jibini jeupe waliishi muongo mzima ubavuni mwa watu wa loshoro, wote wakiwa na maziwa mgando mkononi. Mwandishi wa riwaya anayetafuta kisa, kiko hapo, akachukue. Lakini hatakiona kama kichwani mwake jibini linaanza na kopo.

Basi tupike. Nitaandika kama ninavyofanya, kwa watu wanne au watano.

Chukua lita mbili za maziwa mabichi ya ng'ombe, yasiyotolewa mafuta. Maziwa ya boksi ya kukaa muda mrefu yaache. Yamepigwa moto mkali kiwandani, hayagandi vizuri. Mimina kwenye sufuria nzito, weka moto wa wastani, koroga na mwiko mpaka chini ili yasishike. Usiondoke. Yakianza kupanda, yaache yachemke kweli, dakika moja au mbili, huku unapunguza moto. Hili si la ladha, ni la afya: maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kumwachia binadamu homa isiyoisha, na hata kifua kikuu. Anayekuambia jibini la maziwa mabichi ndilo tamu, mwambie akale yeye.

Epua. Subiri kidogo povu litulie. Uwe umekamua ndimu kama nne, upate vijiko sita vya mezani. Tia kijiko kimoja kimoja, ukikoroga taratibu, usivuruge. Mwanzoni hutaona kitu. Halafu ghafla maziwa yanavunjika: chenga nyeupe zinajitenga, na maji yanabaki ya kijani-njano kama maji ya madafu yaliyochafuka. Ukishaona maji yameng'aa, acha ndimu. Ikizidi, jibini litakuwa kali na la kukatika. Funika dakika kumi.

Tandika kitambaa cheupe cha pamba, kilichochemshwa, juu ya chujio, mimina. Hapa ndipo wengi wanapokosana na Wahindi wa mjini, ambao wamekuwa wakifanya jambo hili hili jikoni kwao miaka yote. Wao wanafunga kitambaa, wanakandamiza na jiwe, wanapata paneer ya kukata vipande. Sisi tunataka laini. Liache lichuje dakika kumi tu, likiwa bado linalowana, kisha ligeuze kwenye bakuli. Lita mbili zitakupa kama gramu mia tatu na kitu. Maji uliyochuja usimwage: kandia chapati, au mpe ndama.

Tia chumvi, pilipili manga iliyotwangwa wakati huo huo, na kijiko cha samli au siagi. Ponda na mwiko mpaka liwe kama uji mzito. Ukitaka, kwaruza ganda la ndimu moja, lile la kijani tu, ulitie humo.

Tambi sasa, pakiti ya nusu kilo. Maji mengi, lita nne au tano, chumvi ya kutosha. Na hapa nataka utulie, maana hapa ndipo utajua kwa nini nagombana. Pakiti inasema dakika nane. Pakiti imeandikwa na mtu wa usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Ukipanda vijiji vya mlimani yanachemka chini ya hapo. Maji yanatokota kwa kelele zilezile lakini joto lake ni pungufu, kwa hiyo tambi zinachukua muda zaidi: kumi, kumi na moja, kutegemea unene. Nimeona watu wakila tambi zenye kiini kibichi, wakidhani ndivyo Wazungu wanavyokula, kwa sababu wametii pakiti. Onja. Ng'ata moja. Meno yako yako Arusha, pakiti haiko.

Kabla ya kuchuja, teka kikombe cha maji ya tambi. Mwagia nusu yake kwenye jibini, piga: utaliona linalegea, linakuwa krimu. Krimu yako ndiyo hiyo. Rudisha tambi kwenye sufuria nje ya moto, mimina jibini, geuza haraka, ongeza maji kidogo kidogo mpaka kila uzi uvae. Ukiweka kwenye moto tena litakatika chenga. Juu yake weka mchicha uliokaangwa na kitunguu saumu, au nyanya mbili zilizoiva zilizokatwakatwa mbichi. Mle saa hiyo hiyo, hazingoji mgeni.

Nimetumia maneno gani ya kukopa hapo? Yapo: pakiti, lita, gramu, hata krimu. Siogopi neno la kukopa. Lugha yetu imejengwa na mikopo, na jibini lenyewe ni mkopo. Ninachokataa ni mkopo wa kitu ambacho msomaji hana, unaowekwa mahali pa kitu alichonacho. Huo ni wizi. Unamnyang'anya maziwa yake ukimwangalia usoni.

Sasa nimgeukie mlinzi wa asili. Naheshimu hasira yake, kwa sababu ina chanzo. Tulifundishwa kuona haya juu ya chakula cha mama zetu, na fasihi yetu imelisema hilo kabla yangu. Okot p'Bitek, katika Wimbo wa Lawino wa mwaka 1966, anampeleka mkewe Ocol hadi jikoni, amtetee mawe yake ya kusagia na vyungu vyake dhidi ya mume aliyesoma akaanza kudharau. Wengi wameisoma sehemu ile kama kupiga marufuku chakula cha kigeni. Mimi naisoma vingine. Kinachomuuma Lawino ni dharau. Hataki kulazimishwa, na hataki kutukanwa kwa sababu ya anachokula. Ocol angeleta tambi nyumbani bila matusi, hadithi ingekuwa nyingine.

Na hiyo asili, ndugu yangu, umeipima? Mahindi ya loshoro yako yametoka Amerika, yakaletwa Afrika na Wareno. Nyanya vilevile. Ndizi za Meru, tunazoapa nazo, mababu zake ni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Ngano inalimwa Monduli, Karatu na Hanang. Mjini hapa tuna mtaa mzima unaoitwa Unga Limited, jina la kiwanda cha unga. Ukiondoa kila kilichosafiri, mezani panabaki nini?

Maziwa yanabaki. Hapo nakubaliana naye kabisa. Wanasayansi wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha mwaka 2007 utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa ulijitokeza miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki kwa njia yake, kwa mabadiliko ya vinasaba tofauti na ya Ulaya, maelfu ya miaka iliyopita. Hatukufundishwa maziwa na mtu. Miili yetu iliyachagua yenyewe. Kwa hiyo anayesema jibini ni la Mzungu anawapa Wazungu kitu ambacho hata damu yetu inakikana.

Mtaniambia, dada, umetumia maneno mengi kwa ajili ya bakuli la tambi. Hapana. Nimeyatumia kwa ajili ya dumu la maziwa.

Ukipanda Meru wakati wa masika, majani ni mengi, ng'ombe wanakamuliwa vizuri, na hapo ndipo bei inaposhuka. Barabara za udongo zinateleza, pikipiki hazipandi. Maziwa mabichi hayana subira. Bila ubaridi, mchana yameshabadilika. Mama mwenye ng'ombe wawili anajikuta na ndoo ambayo hakuna wa kuichukua. Ataigandisha, sawa. Watakula mgando mpaka wachoke, watampa jirani, iliyobaki itaenda kwa mbwa. Kila mwaka Juni mosi, Siku ya Maziwa Duniani, tunahimizwa tunywe maziwa. Tunywe, tunywe. Sijasikia anayesema tuyapike. Lita tano au sita za maziwa yanayomwagwa ni kilo moja ya jibini laini, ambalo kwenye jokofu linakaa siku tatu au nne, na kwenye chumvi zaidi. Kinachohitajika ni ndimu, kitambaa, na mnunuzi wa mjini anayejua kwamba kitu hicho kinaitwa jibini, kinapatikana Poli na Akeri, na kinafaa kwa tambi za jioni.

Huyo mnunuzi atajuaje? Kwa kusoma. Hapo ndipo mwandishi wa mapishi anapokuwa na dhamana ambayo mshairi hana. Ukiandika "kopo moja la krimu chizi", umempeleka msomaji wako dukani. Ukiandika "lita mbili za maziwa na ndimu nne", umempeleka kwa yule mama. Sentensi moja, pesa zinakwenda njia mbili tofauti. Usiniambie maneno hayana bei.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na ninayaomba kwenu mnaoandika. Kabla ya kuandika pishi, lipike kwa vitu unavyoweza kuvifikia kwa miguu au kwa bodaboda moja. Tumia jina ambalo muuzaji atalielewa ukimtajia. Andika muda wa saa ya jikoni kwako, na useme uko wapi, Makumira au Mwanza au Mombasa, maana maji hayachemki sawa. Kama kitu hakina jina, kieleze kama mtu anayekiona kwa macho, mpaka jina lije lenyewe, kama lilivyokuja tambi kutoka kwenye taa. Na mhariri akikurudishia jibini lako limegeuzwa chizi, lirudishe tena.

Kwenu wasomaji, jambo moja tu. Kesho pikipiki ya maziwa ikipiga honi getini, ongeza lita mbili.